Kabla Mlango Haujagongwa

Mkristo anapotafakari mateso kwa ajili ya imani, mara nyingi hujiuliza swali moja tu: siku nikiwekewa panga shingoni, nitamkiri Kristo au nitamkana? Kwa anayeishi Beni au Cabo Delgado, swali hilo halijatoka vitabuni. Waumini wa Kasindi, mashariki mwa Kongo, walilipuliwa kwa bomu tarehe 15 Januari 2023 wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa waliamshwa kwa risasi alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wakatenganishwa kwa dini, na watu 148 wakauawa. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa, halimsaidii anayeuliza. Hakuna awezaye kulijibu kabla ya siku yenyewe, na aliyelijibu upesi kuliko wenzake wote, Petro, alikana usiku uleule. Tena linamsimamisha mtu peke yake mbele ya muuaji, kana kwamba hana ndugu, hana mchungaji, wala hana mke na watoto watakaobaki. Swali lenye faida ni hili: ushirika wenu umejengwaje? Mnyonge wa imani atapata wa kumshika mkono? Familia ya aliyekamatwa itakula nini? Aliyeanguka atarudi kwa njia gani? Haya yanajibika leo, na kwa kiasi kikubwa majibu yake ndiyo yanayoamua kama watu watakuwa na tumaini siku ya shida au watatawanyika kila mmoja na hofu yake.

Ushahidi wa karibu tunao Buganda. Wengi wanaijua habari ya mashahidi waliochomwa moto Namugongo kutokana na picha za ukutani: vijana, kuni, moto, na Karoli Lwanga katikati. Picha hizo zimeacha nje miaka mitatu iliyotangulia, nami naona humo ndimo lilimo somo kubwa zaidi kwa msomaji wa leo. Mwezi Novemba 1882 mapadre wa White Fathers waliondoka Buganda kwa kuhofia usalama wao, wakavuka ziwa na kwenda kukaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa muda wote huo Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre, hawakuwa na Misa, wala hawakujua kama wazungu wale watarudi. Waliongozwa na walei waliokuwa wamebatizwa juzi tu: Yosefu Mukasa Balikuddembe katika ikulu, Andrea Kaggwa kwa majirani zake, Matia Mulumba kule Mityana. Mapadre waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta jumuiya zimekua, wakatekumeni wanangoja ubatizo, na wagonjwa wana wa kuwatazama. Kwa upande wa Waanglikana, katikati ya mwaka 1885, walipoona wamisionari wanaweza kufukuzwa wakati wowote, liliundwa baraza la wazee Waganda ili kanisa lisife siku wazungu wakiondoka. Wengi wa waumini hao wa kwanza, wa pande zote mbili, walianza kusoma kwa vitabu vya Kiswahili kabla Kiganda hakijapata Maandiko ya kutosha, kwa hiyo hata lugha yetu ilikuwamo katika matayarisho yale.

Dhoruba ilipokuja, ilikuta watu waliokwisha kuzoea kujiongoza. Dalili yake ya kwanza ilitangulia hata baraza lile: tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa Busega. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, kijana aliyerithi kiti mwaka mmoja tu uliopita na aliyekuwa akisikia kila siku habari za Wajerumani wanaochukua ardhi pwani. Balikuddembe alimlaumu mfalme kwa mauaji hayo, na pia alikuwa akiwakinga vijana wa ikulu dhidi ya matakwa machafu ya mfalme. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Usiku wa siku hiyohiyo Lwanga, aliyekuwa bado mkatekumeni, alibatizwa. Miezi sita baadaye, yeye huyo aliyebatizwa usiku wa msiba ndiye aliyewabatiza wenzake wadogo, akiwamo Kizito, walipojua kwamba asubuhi wataitwa mbele ya Kabaka. Hakuwa padre, ila alifundishwa mapema kwamba katika hatari ya kifo muumini yeyote aweza kubatiza, na namna ya kufanya hivyo. Moto wa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, uliwateketeza Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Makanisa hayo mawili yanawahesabu mashahidi 45 wa kipindi hicho, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji, ambaye alimsihi akubali afichwe. Kijana aliweza kukataa, na sidhani kwamba angeweza kama wenzake wasingekuwa pale pale, wamefungwa kama yeye.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni kuupima ushirika wenu kwa maswali ya kawaida kabisa. Mchungaji akikamatwa Jumatatu, Jumapili nani ataongoza ibada? Wangapi wanajua kumbatiza anayekufa, kumzika marehemu kwa heshima ya imani, kumfundisha mtoto sala? Vitabu vikichukuliwa na simu zikizimwa, waumini wamebeba Maandiko kiasi gani kichwani? Ushirika ambao kila kitu kinapitia mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mtumishi hodari namna gani, unavunjwa kwa kumwondoa mtu huyo mmoja, na watesi wa kila zama wamelijua hilo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na madhehebu mengine yana seli, mitaa na vikundi vya nyumbani. Chombo tunacho. Lakini tuseme ukweli, katika parokia na sharika nyingi jumuiya imegeuka kuwa mahali pa kuhesabia michango ya ujenzi, na mkutano ukiisha watu wanajuana kwa kiasi walichoahidi kuliko kwa shida walizonazo. Kikundi cha namna hiyo hakiwezi kumbeba mtu siku ya hatari. Kirudisheni kwenye kazi yake: kusoma Maandiko pamoja, kuwatembelea wagonjwa, kujua nyumba ya nani haina chakula, na kupokezana uongozi ili hata mwenye aibu ajifunze kusali mbele ya wenzake.

Wapo watakaopinga kwamba kujipanga hivyo ni kukosa imani, kwa kuwa Yesu aliwaambia wanafunzi wasihangaike juu ya watakachosema watakapopelekwa mbele ya mabaraza. Hoja hiyo inastahili jibu kwa sababu hutolewa na watu wanaosali kweli. Ahadi ile, katika sura ya kumi ya Mathayo, inahusu maneno ya kujitetea, na sura hiyohiyo inawaagiza wanafunzi wawe na busara kama ya nyoka na wakiudhiwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Yesu mwenyewe alihama Uyahudi alipojua wanataka kumuua kabla saa yake haijafika. Anayesubiri Roho amwekee kinywani Maandiko ambayo hakuyasoma kamwe, au ashibishe watoto wa jirani ambao hakuwahi kuwauliza hali, anamtwisha Mungu kazi aliyopewa yeye.

Kabla ya kwenda mbali lazima tukubaliane tumaini lenyewe ni lipi, maana hapa pana uharibifu mkubwa unaofanywa na mimbari zetu. Kwa miaka mingi waumini wa miji yetu wamehubiriwa kwamba mwenye imani ya kutosha hapatwi na ubaya: hafukuzwi kazi, haugui, haibiwi, na adui yake huanguka kabla ya mwezi kwisha. Mafundisho hayo yanapendeza wakati wa amani. Siku kijiji kinapochomwa, yanamfanya mjane aamini kwamba mumewe aliuawa kwa upungufu wa maombi. Kitabu cha Matendo kinasema mambo kwa uaminifu zaidi. Katika sura ya kumi na mbili Herode anamuua Yakobo kwa upanga, na katika sura hiyohiyo malaika anamtoa Petro gerezani. Hakuna neno hata moja la kueleza kwa nini huyu alikufa na yule akaokoka, wala hakuna dokezo kwamba imani ya Yakobo ilikuwa haba. Waraka kwa Waebrania, sura ya kumi na moja, unawataja katika orodha moja waliookoka makali ya upanga na waliouawa kwa upanga, na wote wanasifiwa kwa imani ileile. Tumaini la Kikristo, basi, limewekwa katika ufufuo na katika hukumu ya Mungu iliyo ya haki. Twaweza kuomba kuokolewa na hatari ya leo, na twapaswa kuomba hivyo, ila hatukuahidiwa. Mchungaji anayetaka kuwaandaa watu wake aanze hapo: afundishe sura hizo mbili mapema, watu wakiwa wametulia, ili mfiwa asikutane na fumbo hilo kwa mara ya kwanza kaburini.

Tumaini la ufufuo halimaanishi kukitafuta kifo. Kanisa la kwanza liliwazuia waliojipeleka kwa watesi bila kuitwa, na swali la kukimbia au kubaki lilijadiliwa kwa kina tangu zamani. Paulo alishushwa kwa kapu ukutani Dameski. Mwaka 250, Kaisari Decius alipoagiza kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya Roma na kupewa cheti cha kuthibitisha, Askofu Cyprian wa Carthage alijificha. Alilaumiwa vikali, hata na mapadre wa Roma, lakini kutoka mafichoni aliendelea kuandika barua, kupeleka fedha kwa wajane, wagonjwa na wageni, na kuagiza kwamba siku za kufa za walioteswa gerezani ziandikwe ili wakumbukwe. Miaka minane baadaye, katika mateso ya Kaisari Valerian, hakukimbia tena. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258 katika mji wake, mbele ya watu wake. Mtu mmoja, maamuzi mawili, na yote mawili yalikuwa na sababu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, alivuka milima kwa miguu hadi Rwanda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Luwum mwenyewe alibaki akijua anawindwa. Ninachoshauri ni kwamba jambo hili lisiachwe liamuliwe na kila mtu usiku wa manane. Kaeni mkubaliane mapema ni nani wasilaumiwe wakiondoka, hasa wenye watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Kubalianeni pia watakwenda kwa nani, na nani atawapokea. Kwa mchungaji kipimo ni kigumu zaidi kidogo. Akiondoka, je, kundi limebaki na wa kulilisha? Kama kuondoka kwake kunawaacha watu bila mtu, basi hajakimbia mateso tu, amewakimbia na wao.

Kisha kuna kazi isiyo na sifa, nayo ni ya chakula, nauli na blanketi. Mwandishi Lucian wa karne ya pili, mpagani aliyewadhihaki Wakristo, alieleza jinsi mmoja wao alipofungwa Palestina wajane na yatima walivyokuwa wakionekana langoni mwa gereza tangu alfajiri, vyakula vikiingizwa, na wajumbe wakitoka miji ya Asia kuja kumsaidia kwa gharama ya makanisa yao. Alikusudia kuwacheka kwa ujinga wao, lakini alituachia ushahidi mzuri kuliko wa rafiki. Huko Carthage mwaka 203, Perpetua, mama kijana mwenye mtoto anyonyaye, alifungwa katika shimo lenye giza na joto. Mashemasi wawili waliwalipa walinzi ili wafungwa wapelekwe kwa saa chache mahali penye nafuu, na hapo akaweza kumnyonyesha mtoto wake. Paulo naye, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, katikati ya maneno mazito kuhusu kifo chake, anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, pamoja na vitabu. Tumaini la mfungwa lina mwili, na mwili unasikia baridi. Usharika unaoishi penye hatari unahitaji mfuko maalumu usioguswa na ujenzi, watu wawili au watatu waaminifu wa kuusimamia, jina la wakili anayeweza kupigiwa simu, na makubaliano ya wazi juu ya karo za watoto watakaobaki. Mwanamke aliyetekwa na kubakwa na waasi, kisha akarudi na mimba, asipokelewe kwa minong'ono. Huyo naye ameteswa, na namna anavyoketishwa kanisani Jumapili ya kwanza itawaambia wengine wote kama maneno yenu juu ya tumaini ni ya kweli.

Kutumia sheria ni sehemu ya kazi hiyo, ingawa wapo wanaoona kwamba anayeshtaki hajasamehe. Paulo alidai haki zake za uraia wa Roma mara mbili, kisha akakata rufaa kwa Kaisari. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, na ya Kenya, ibara ya 32, zinalinda uhuru wa kuabudu, na ulinzi huo unawahusu Waislamu na wenye dini za jadi sawasawa na Wakristo. Anayeutetea kwa ajili yake na kuunyima wengine anaukata mti alioukalia. Maaskofu wa Kianglikana wa Uganda, tarehe 10 Februari 1977, walimwandikia Rais Idi Amin barua wakieleza waziwazi uvamizi wa nyumba ya Luwum na hofu ya wananchi. Siku sita baadaye Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Ile barua iliyotangulia ilichangia kuufanya uongo huo ukose wa kuuamini. Basi andikeni: tarehe, mahali, nani alishuhudia, nini kilisemwa. Wala msiongeze chumvi. Picha ya maiti iliyotumwa WhatsApp ikiwa ya nchi nyingine na mwaka mwingine inawavunjia heshima waliokufa kweli, na inampa mtesi nafasi ya kusema kwamba yote ni uzushi. Waraka wa kwanza wa Petro nao unatuonya kwamba si kila anayeteseka anateseka kwa ajili ya Kristo. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa sadaka au kwa kelele za vipaza sauti usiku kucha asijiite mfiadini. Ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya mfugaji Mwislamu na mkulima Mkristo waweza kuwa ugomvi wa shamba tu, mpaka pale mtu mwenye faida yake anapoupaka rangi ya dini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kuwa kipimo kikubwa kuliko yote, nalo huhubiriwa mara chache: walioanguka. Kila penye mashahidi pana na waliokana, na kwa kawaida hao wa pili ni wengi zaidi. Mateso ya Decius yalipopoa, Cyprian alikuta maelfu ya waumini wake wametoa sadaka kwa miungu, au wamenunua vyeti kwa rushwa bila kutoa sadaka. Wapo waliotaka wote warudishwe mara moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Huko Roma, Novatian alitaka wasirudishwe kamwe, na akaunda kanisa lake. Mtaguso wa Carthage wa mwaka 251 ulichukua njia ngumu zaidi, ya kumsikiliza kila mtu na habari yake: aliyenunua cheti tofauti na aliyekimbilia madhabahu kwa hiari, aliyevumilia mateso hadi mwili ukashindwa tofauti na aliyewaburuta mkewe na watumishi wake. Wote walifunguliwa mlango wa toba, wengine upesi, wengine baada ya kitubio kirefu. Baadaye kidogo, mateso mapya yaliponukia, waliokuwa bado katika kitubio walirudishwa mezani kwa sababu ambayo viongozi wetu wanapaswa kuitafakari: hawakutaka kuwapeleka vitani watu wenye njaa ya Ekaristi.

Najua pingamizi lililopo. Mama ambaye mwanawe alikufa kwa kukataa kukana atajisikiaje akiketi benchi moja na aliyekana akaokoka? Je, huko si kuidharau damu? Ni pingamizi zito, na anayelijibu kwa haraka hajawahi kuketi na mfiwa. Ndiyo maana toba isiwe ya siri wala ya haraka: aliyeanguka aseme mbele ya wazee alichofanya, na kama alitaja majina yaliyosababisha wengine kukamatwa, awakabili hao na jamaa zao, hata ikichukua miaka. Lakini mlango wenyewe usifungwe. Kanisa lililofunga mlango huo lingempoteza Petro. Tena lina hasara nyingine: muumini anayejua kwamba kosa moja la hofu litamtenga milele huenda, akishakosea, akaona bora abaki upande wa watesi. Japani inatuonyesha kinyume chake. Ukristo ulipigwa marufuku nchini humo mwaka 1614, mapadre wakauawa au kufukuzwa, na waumini wakalazimishwa kukanyaga sanamu za Kristo na za Maria mbele ya maofisa. Wengi walikanyaga, kisha wakarudi nyumbani na kusali sala ya majuto waliyofundishwa na kurithishana. Walikuwa na watu wao wa kubatiza na wa kutunza kalenda ya sikukuu. Tarehe 17 Machi 1865, baada ya zaidi ya miaka 200 bila padre, Wakristo wa Urakami walijitambulisha kwa Padre Bernard Petitjean katika kanisa la Oura, Nagasaki. Sisemi kukanyaga kulikuwa sawa. Nasema kwamba sala ile ya majuto ilikuwa njia ya kurudi, na bila njia hiyo huenda Petitjean asingekuta mtu.

Mfano huohuo wa Japani unapaswa kutupunguzia usemi tuupendao kwamba mateso daima hulikuza kanisa. Mara nyingine hulikuza. Mara nyingine hulipunguza hadi kubaki vijiji vichache, na Afrika ya Kaskazini, nchi ya Cyprian na Perpetua, leo ina Wakristo wenyeji wachache mno. Kanisa la huko lilidhoofishwa na mambo mengi, na mojawapo lilikuwa ugomvi wa ndani uliozaliwa na mateso yenyewe: baada ya mwaka 303, viongozi waliowakabidhi maofisa Maandiko yachomwe waliitwa wasaliti, kundi la Donatus likakataa huduma zao, na mpasuko ukaendelea kwa karne nzima na zaidi. Hata ukuaji mkubwa wa makanisa ya Buganda baada ya 1886 ulichangiwa na siasa za machifu na ujio wa Waingereza, wala haukutokana na damu peke yake. Anayewaambia watu wafurahie mateso kwa kuwa yataongeza idadi ya waumini anawafanya wafu kuwa mtaji. Inatosha kusema kwamba Mungu hawasahau, na kwamba waliobaki wana wajibu kwao.

Linabaki suala la jirani, na la kisasi. Tarehe 21 Desemba 2015, al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na wanawake wakawa wamewapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa mwezi uliofuata. Abiria wale walijuana kwa saa chache tu. Fikirini basi nguvu ya majirani waliokwisha kuzikana na kulishana kwa miaka. Kwa hiyo katika matayarisho yenu wekeni ziara kwa imamu na wazee wa mtaa wakati hakuna shida yoyote, na mwende pia siku msikiti wao utakapovamiwa au vijana wao watakapokamatwa bila kosa. Namugongo yenyewe iliwahi kunywa damu ya Waislamu kabla ya Wakristo, pale Kabaka Mutesa alipowaua Waislamu waliokataa kuinamia amri yake katika miaka ya 1870. Hadithi ya Wakristo haikamiliki bila hiyo.

Na aliyeteswa asidhani kwamba mateso yamemtakasa. Tarehe 24 Januari 1892, chini ya miaka sita tangu Wakatoliki na Waanglikana waungue pamoja, wafuasi wa makanisa hayo mawili walipigana vita Mengo, Kapteni Frederick Lugard akiwa amewapa Waprotestanti bunduki. Hawakuwa wageni kwa Ukristo. Baadhi yao walikuwa wamejificha, wamepigwa na kukatwa viungo kwa ajili ya Kristo yuleyule. Kilichowakosesha ni kwamba walikuwa wamejifunza kufa pamoja kabla ya kujifunza kugawana madaraka. Lakini katika miaka hiyohiyo kuna tukio jingine la kuwekwa kando yake. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 na kukimbilia kusini mwa ziwa, alipokelewa Bukumbi, kwenye misheni ileile ya mapadre ambao wanafunzi wao aliwachoma moto. Siasa ilikuwamo, sina shaka, kwa maana walitumaini atarudi kitini akiwa rafiki. Hata hivyo walimfungulia, wakamlisha. Usharika unaotaka kujua namna ya kumwombea mtesi bila kumfichia makosa uanze na mambo mawili yanayokwenda sambamba: jina lake litajwe katika maombi ya Jumapili, na majina ya aliowaua yapelekwe polisi na mahakamani kwa maandishi, na mashahidi wapewe nauli ya kwenda kutoa ushahidi kila kesi inapoahirishwa.